Voltimita ya Zawadi na Ungo Wangu

Jumapili, Titye. Mvua inanyesha tangu tutoke kanisani, na mimi nimekasirika tangu kabla ya mvua.

Shule sikuiona. Mimi nasema, mjukuu wangu Zawadi anaandika kwenye simu. Leo ana macho mekundu, lakini ataandika.

Kesho anatakiwa Kibondo. Fundi mmoja wa redio na sola amemwambia alete voltimita, kipimo cha nguvu ya betri, aliyoitengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Ikisoma betri sawasawa, anampokea kujifunza kazi. Isiposoma, asirudi. Binti huyu anaitaka kazi hiyo kuliko wenzake wanavyotaka harusi.

Basi wiki nzima meza yangu si yangu. Katoa mita ya mshale kwenye redio mbovu, kanieleza mpaka kichwa kinauma: mshale ule unatosheka na umeme kiduchu, ukiupa betri nzima ya sola unaumia. Ndiyo maana kuna rizista, vidude kama punje, vya kuuzuia umeme. Kila kimoja kina mistari ya rangi, na mistari ndiyo inayosema kinazuia kiasi gani.

Hapo kwenye mistari sikusikiliza.

Leo asubuhi nikavikuta kwenye ungo wangu, vya bluu na vya kaki vimechanganyika. Nani anaacha ungo hivyo? Nimechambua maharage tangu utoto. Nikachambua: bluu huku, kaki kule. Nikajisifu.

Kumbe alikuwa amevipanga kwa mistari, na kile anachokihitaji kakiweka pembeni. Tuliporudi kanisani akachukua palepale pembeni, ambapo sasa kilikuwa kingine, bila kusoma tena mistari, akaunga, akagusa betri. Mshale ukaruka kama umeumwa na siafu, ukagonga mwisho, ukapinda.

"Bibi, umegusa?"

"Nimechambua."

"Bibi! Haya si maharage!"

"Basi usiyaweke kwenye ungo!"

Mwenye kosa mimi, mwenye kelele mimi. Yeye akalia. Nikampa ndizi huku nafoka. Ndivyo ninavyobembeleza.

Alipomaliza kulia akatafuta rizista yake, akaunga upya. Mshale unapanda, ila umelala upande. Akakata karatasi mpya ya kukaa nyuma ya mshale, akaunganisha betri mpya za tochi, ambazo nguvu yake anaijua, moja baada ya nyingine, na kila akiongeza moja anachora alama pale mshale uliposimama. Kisha akapima betri ya sola.

Inasoma!

Lakini sufuri imekaa kombo kama kofia ya mlevi. Anasema fundi ataicheka. Anasema bora asiende.

Asiende? Wiki nzima nimekula chakula magotini, halafu asiende?

Nimeshamwambia mwenye gari atuwekee nafasi mbili. Zawadi ameacha kuandika, anasema nitamwaibisha. Andika, mwana wanje, mwanangu. Nitaingia kwa huyo fundi kabla yako, nimwambie aliyeupinda mshale ni mimi, na wewe ndiye uliyeufanya useme kweli hivyo hivyo ulivyopinda.

Akitaka kucheka, acheke nikimwangalia.