Kisa Alichoandika Mwanao

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Kikohozi changu kimepungua, na darasani tumepata madawati mapya, ingawa watoto bado wanagombania ya dirishani.

Jumanne niliwaambia waandike kisa cha nyumbani kana kwamba wao ni mtu mwingine. Mmoja akajifanya bibi yake anayekoroma, tukacheka hadi machozi. Mwanao hakutaka kusoma chake. Alinipa daftari akakimbilia nje.

Alikuwa ameandika hivi: "Mimi ni shangazi. Huyu mtoto akivunja kikombe, namfungia stoo. Mama yake akipiga simu, nambana bega ili aseme anakula vizuri. Mimi si mbaya. Nimechoka tu kulea mtoto wa wifi yangu."

Nilimfuata. "Mwanangu, haya umeyatunga?"

"Mama mkubwa, ulisema tuandike kama mtu mwingine. Hukusema tudanganye."

Nikamwangalia bega, nikaona alama. Nilimpeleka zahanati, kisha nikaja naye kwangu. Najua ulinisihi nisikukorofishe na wakwe zako. Nisamehe kwa hilo, na unisamehe zaidi kwamba nimemfundisha mwaka mzima bila kugundua.

Leo wifi yako amekuja kumchukua. Nilisimama mlangoni nikamwambia mtoto hatoki. Ameapa kurudi Jumapili na kaka zake. Ofisi ya ustawi wa jamii nimeshaiarifu, ila wanamtaka mzazi mwenyewe.

Omba ruhusa kazini. Wakikunyima, njoo hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako, niliyefunga mlango kwa komeo.