Siku Mugeni Alipotupima Mwendo

Kalemie, nyumbani kwa kaka yangu, yaya Jérôme

Mama yangu Rosalie,

Anayekuandikia njo mwanaume mwenye nguvu kuliko wote wa Kalemie. Nikiingia ziwani kuoga, maji yanapanda mpaka Kigoma! Ninyi huko Mpala mungali wazima? Goti lako je? Hapa miili njo mizima; mioyo ndiyo inatetemeka.

Mama, litiumu, yale mawe ya Manono ya kutengeneza betri, imeanguka bei. Kampuni ikatuma mugeni katika depo yetu ya kufungashia mawe hayo, na neno refu kama treni ya Nyunzu: restructuration. Maana yake kupunguza watu. Siku hizi mulango wa biro ya wakubwa ukilia tu, wanaume wenye ndevu wanaacha kutafuna. Hata mimi, simba wako, ninajificha nyuma ya mifuko.

Mugeni alitaka kututazama tukishona midomo ya mifuko. Papa Gauthier, shefu wa timu, alituomba tufuate mwendo wa muzee wetu anayeshona pole kuliko wote, asiachwe muntu nyuma. Ndivyo tunavyofanya kila wakubwa wakija. Yaya Jérôme, aliyekuwa kando yangu, alinikanyaga kidole, akaniambia nisilete ujogoo wangu.

Wiki iliyopita wakaita majina. Nusu ya timu nje, na yaya ndani ya hiyo nusu. Mimi nimebaki, wanajua dume!

Yaya analaumu bei. Kila asubuhi anazunguka bandarini kuomba kazi, anarudi mikono mitupu. Elsa, muke wake, yuko karibu kuzaa, na bado mezani yaya ananisukumia samaki mukubwa, eti sasa mimi njo mufanyakazi wa nyumba. Ninamuhamishia sahani ya Elsa, Mama. Jumapili Papa Gauthier atakuja kumupa pole. Papa Gauthier aliona yote. Nikiwaza atakavyofungua kinywa, natamani Jumapili isifike.

Nisalimie dada Noëlla na wote wa misioni. Umwambie mutoto wake akizaliwa na kichwa kikubwa, amerithi akili zangu.

Mama, siwezi kufunga bahasha hivi. Siku ile ya mugeni, Ornella, binti anayetuuzia bukari, ugali wetu wa saa sita, alikuwa amesimama mulangoni akitutazama. Nikaacha mwendo wa wenzangu, nikashona kama cherehani, peke yangu mifuko ya watu watatu. Mugeni akacheka, akanipiga bega, akauliza kama mumoja anatosha, wengine ni wa nini. Bei haikumutoa yaya. Mimi njo nilimutoa.

Mutoto wako,
Exaucé