Pumu Aliyoificha Baba

Ipole, Jumapili

Shangazi Paskazia, shikamoo.

Hili nilikuwa sijamwambia mtu hadi jana. Baba ana pumu. Nilimkuta nyuma ya bani la kukaushia tumbaku kwa moto akivuta dawa, akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Siku ya kumposa mama yako wakwe waliuliza kama ukoo wetu una ugonjwa, tukasema hatuna."

Huku asali ya mwaka huu ni nyingi, nami nimekuwa wa pili darasani.

Ila mdogo wangu Deus kifua kinambana kila wiki. Daktari aliuliza kama kuna mzazi mwenye pumu, maana mtoto aweza kuirithi. Mama akajibu, "Hakuna." Nilitazama sakafu. Tukapewa dawa ya kikohozi.

Naogopa Deus atazidiwa kwa sababu yetu tulionyamaza. Nadhani hata wewe ulikuwepo kwenye ile posa.

Jana nilimwambia Mama. Alimfunga Deus mgongoni, akaenda hadi banini, akamwambia Baba, "Zima moto. Leo unakwenda kujieleza mwenyewe."

Baba aliuzima. Nilibeba kadi ya Deus, tukaenda zahanati wote wanne.

Mwanao,
Adelina