Pumba za Baba Zimeliwa na Kuku

Mama watoto,

Nimeenda kushona. Mto wako nimeondoka nao, maana kiti kitupu cha cherehani sikiwezi. Loweka maharage, na papai langu asiguse mtu.

Zile pumba za ngano kwenye kopo zilikuwa dawa yangu ya kulainisha choo, daktari kaniambia nile kwa ajili ya ule mpasuko wa huko nyuma. Wewe ukawamwagia kuku! Leo asubuhi niko chooni nang'ata taulo, jasho linanitoka, na dirishani nawaona kuku wanajisaidia huku wanatembea, hawana hata habari.

Nunua nyingine.

~~Jioni mchinje yule jogoo.~~

Mwache. Nyama itanifunga choo tena. Mwambie kidonda changu ndicho kilichomwokoa.

Baba watoto, wa kukalia upande mmoja