Barua Zako Zilifika Mlangoni Kwangu

Maskati

Mdogo wangu Somoe,

Assalaam alaykum. Mwili wangu hauna neno, ila akili tangu juzi iko huko Likombe, inazungukazunguka uani kwa Mama ikinusa korosho zinazochomwa. Goti lake linaendeleaje? Na wewe, bado umeninunia?

Juzi Mama alinipigia simu akasema, "Kama humtaki Amade aliyemposa mdogo wako, kwa kuwa kwao ng'ambo ya Ruvuma, sema. Usimnyamazie mwenzio." Nilibaki kama niliyeamshwa usingizini. Amade yupi? Posa ipi?

Ndipo akanieleza kwamba umekuwa ukiniandikia barua pepe kutoka ofisini kwenu, kwa anwani yangu ya kazini, kwa kuwa unaona haya kulitamka jambo lako mwenyewe mbele ya kaka. Nami kila tukiongea kwa simu nakuuliza habari za mvua.

Kazi yangu hapa ni kutunza mtambo wa barua pepe wa kampuni. Barua za matapeli zilizidi, nikaanza kutumia orodha inayotunzwa na watu wa nje, wanaoorodhesha mitambo inayotuma uchafu. Siwajui hata sura. Wakisema huyu mbaya, nasi tunamfungia. Mtambo wa ofisi yenu mnautumia wengi, mmoja akautumia vibaya, mkafungiwa wote. Na mimi niliagiza barua hizo zitupwe kimya kimya, aliyetuma asiambiwe kitu.

Nimeona kwenye kumbukumbu za mtambo jina lako na tarehe tu, maneno yamepotea. Imeniuma sana, Somoe. Mchana nakaa dirishani najitungia ulichoandika, jua la huku linafifia machoni, nasikia sauti yako ukiwa mdogo unaniita tukale mihogo.

Sasa orodha ile nimeiachia kazi ya kushuku tu, si ya kutupa. Barua inayoshukiwa inawekwa kando, naifungua mwenyewe.

Hii nimeiandika kwa mkono, anaileta mwenzangu wa Newala anayerudi likizo. Msalimie Mama, na Mjomba aliyekwisha kuridhia, na shangazi wa Ufukoni. Baba mdogo awasomee wazee wa Amade hivi: mimi Hamisi, walii wa Somoe baada ya marehemu Baba, nimekubali kwa moyo mweupe, na Baba mdogo ndiye wakili wangu wa kumwozesha.

Siku ya ndoa shehe akikuuliza kama umeridhia, mwenye ruhusa ya kunyamaza ni wewe peke yako, kwa kuwa kimya cha mwari ni ridhaa. Mimi nimeshasema.

Kaka yako akupendaye,
Hamisi