Alhamisi Isiyo na Zawadi

Ottumwa, Iowa
6 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Vernon,

Salamu kwanza, mengine baadaye. U mzima? Goti lako la kushoto linastahimili vipi baridi ya huko Alaska? Na yule mbwa wako kiziwi bado yu hai? Mimi sijambo. Macho yamepungua nguvu, lakini mdomo, kama unavyonijua, haujapungua.

Mwanangu Curtis na mkewe Patrice hawajambo, nao watakuja Siku ya Shukrani, Alhamisi ya tarehe 28. Patrice ameapa kwamba safari hii bata mzinga atatolewa kwenye friza tangu Jumapili. Mwaka jana alimkumbuka Jumatano jioni, ndege kaganda kama jiwe, ikabidi tumlaze kwenye bafu na kumbadilishia maji kila nusu saa. Curtis alipokuja na taulo lake mkewe akamwambia, "Subiri zamu yako bwana, mgeni anaoga." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nilikuwa sijacheka tangu Agosti ile tulipomzika mume wangu Dale. Kadi yako ya pole niliipata, Vernon. Nilitaka kukujibu, aibu ikanishika mkono.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini siku hii naipenda kuliko sikukuu zetu nyingine zote. Krismasi ina zawadi, na penye zawadi hapakosi mwenye kununa. Sikukuu ya uhuru ya Julai tunalipua fataki, nawe tangu utoke vitani hujazipenda. Siku ya Shukrani haina cha kufunga kwa karatasi wala cha kulipua, wala haimuulizi mtu anasali wapi. Watu wanatoka mbali, wanakula viazi kupita kiasi, wanasinzia mbele ya mpira kwenye televisheni, kisha wanarudi makwao na mabaki kwenye bakuli. Inataka uje tu, basi.

Ila mimi niliiongezea sharti. Unajua desturi ya mezani kwetu, kila mtu aseme anachoshukuru kabla ya kugusa chakula, na unajua nani alikuwa askari wake. Mwaka ule mkeo Joanne alikuwa na miezi mitatu tu kaburini. Zamu ikakufikia, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, niruke leo."

Nikakujibu mbele ya watu wote, "Hapa harukwi mtu. Joanne mwenyewe angekuonea haya."

"Basi sina cha kushukuru."

"Asiye na shukrani asile."

Ukaweka kitambaa juu ya sahani ambayo hukuwa umeigusa, ukachukua koti lako. Leo ni miaka sita.

Mitano kati ya hiyo nilijiambia kwamba wewe ndiwe uliyetuharibia sikukuu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami nilikuwa bado na mume.

Mwaka jana nilianza mimi, kama kawaida yangu. Nikasimama. Nikatazama upande ambao Dale alizoea kusimama akikata nyama, nikafungua mdomo, nisipate kitu. Hata kimoja, Vernon. Nikasema, "Niruke." Curtis alinikodolea macho, akadhani nimepatwa na kiharusi. Patrice alinipakulia viazi, akamwagia mchuzi, akasema, "Kula mama, vinapoa." Nikala huku nalia. Nilikuwa nakulilia wewe pia, kwa sababu siku ile hakukuwa na mtu wa kukupakulia.

Nilikukosea. Nilimchukua marehemu mkeo nikamfanya fimbo ya kukuchapia hadharani. Barua hii nimekuwa nikiiandika tangu Machi, naichana, naianza upya, maana kila mara najikuta nimejitetea. Leo sijitetei. Naomba unisamehe.

Njoo, ndugu yangu. Curtis atakupokea uwanja wa ndege siku yoyote utakayotaja. Njoo umenuna, njoo huna neno, njoo na njaa tu. Mwaka huu hakuna zamu. Anayetaka kushukuru aseme, asiyetaka apewe viazi. Na usipoweza kuja, sitakulaumu, ila nitakaa nikisikiliza mlango.

Curtis na Patrice wanakusalimu sana. Shangazi Opal, ambaye sasa ana miaka tisini na mmoja, anauliza kila Jumapili kama umeshaoa tena. Huyo mjibu mwenyewe, mimi simwezi. Mpapase mbwa kwa niaba yangu.

Mungu akulinde kwenye barafu ya huko, na akulainishie moyo kwangu.

Ni mimi dada yako akupendaye, na aliyekupenda hata siku ile alipokunyima chakula,

Arlene