Mkeka Kwanza, Betri Baadaye

Jumapili, Kwamndolwa. Mawingu yametanda tangu alfajiri na paneli zote za mtaa huu zimeshinda njaa. Siku kama ya leo simu yangu haitulii: fundi, taa imefifia, fundi, televisheni imezima mpira ukiendelea. Nawajibu wote kwamba mimi ni fundi sola, jua lenyewe silitengenezi.

Simu niliyokuwa naingoja mimi ilikuwa moja tu, ya Bi Mwanaidi wa Kwaluguru. Nimekwenda kanisani na simu mkononi, na mama yangu amelisema jambo hilo mpaka tumefika nyumbani.

Ngoja nianze na Alhamisi.

Alhamisi asubuhi alinipigia Rajabu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli kule Old Korogwe. Bi Mwanaidi ni mama yake, mjane, anaishi peke yake kwenye shamba lake Kwaluguru. Kontrola yake ya sola ilikuwa imekufa tena. Kontrola, kwa asiyeijua, ni kile kiboksi kinachokaa katikati ya paneli na betri, kinapokea umeme wa jua na kuulisha kwenye betri kwa kipimo. Kikifa hicho, paneli inabaki pambo na nyumba inarudi gizani. Hii ilikuwa ya tatu kufa. Rajabu akasema ameshanunua nyingine, nipitie dukani niichukue, na ndiyo ya mwisho atakayonunua. Kisha akanituma: nimwambie mama yake aache kabisa kuazimisha betri. Yeye amesema mpaka amechoka, labda fundi atasikilizwa.

Nilikubali haraka kuliko nilivyotakiwa. Zote zilizokufa nilizifunga mimi, na kazi yako ikifa kila mara mahali pamoja, watu wanaanza kukutazama mikono.

Bi Mwanaidi ana betri kubwa kuliko nyumba yoyote ya jirani. Ukitokea msiba, vijana wa nyumba iliyofiwa wanafika na baiskeli mchana, jua likiwa bado kali, ili waifunge taa uani kabla giza halijaingia. Wanachukua betri, wanachukua taa na waya wake, wanachukua na ule mkeka wake mpana wa ukindu wa kukalia waombolezaji. Matanga yakiisha, vitu vinarudi. Hakuna anayeandikiwa wala anayeulizwa. Ni hivyo tu, miaka yote.

Nilimkuta anapepeta mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaanza na utani wake wa siku zote, maana mimi ni Msambaa na yeye ni Mzigua. Akaniuliza sisi watu wa milimani tuliozoea ukungu, jua tulilijulia wapi hata tuwe mafundi wake. Nikamwambia tulilijua tuliposhuka kuja kuwawashia taa Wazigua. Akacheka hadi ungo ukamponyoka.

Nikafungua kontrola iliyokufa pale barazani. Ndani ilikuwa imeungua upande ule zinakoingia nyaya za paneli, pamebaki weusi kama wa masizi. Bi Mwanaidi akaingia ndani akatoka na zile za zamani, alikuwa amezihifadhi kwenye sufuria lililotoboka. Nikazifungua nazo. Zote zimeungua palepale.

Nikamuuliza kila moja ilikufa siku gani. Siku za kalenda hakuzikumbuka, lakini alikumbuka vizuri kuliko kalenda. Hii ilikufa alipofariki mzee Athumani. Ile, alipofariki mama Hadija. Na hii ya juzi, alipofariki yule bwana mchoma mkaa. Kila kontrola ilikuwa na marehemu wake.

Hapo nikaelewa, na nikajiona mjinga kidogo kwamba sikuwahi kuuliza. Vijana wanakuja na haraka ya msiba, wanang'oa betri kwanza kwa sababu ndiyo waliyoijia. Paneli inaachwa imeunganishwa, juani, saa za jua kali. Umeme unaendelea kuingia kwenye kontrola na haukuti betri ya kuupokea. Hizi kontrola tunazouziwa huku hazivumilii hilo. Siku betri inaporudi, hakuna tena wa kuilisha.

Nikamweleza. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimetumwa, nikaufikisha ujumbe wa Rajabu: dawa ya uhakika ni betri isitoke tena hapa nyumbani.

Hakukasirika. Aliuweka ungo chini, akajipangusa pumba mikononi, akaniambia, "Basi ing'oe yote, mwanangu. Paneli na betri, mpelekee Rajabu. Mimi nitarudi kwenye kibatari changu."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni nikaona hakuna utani.

Akanisimulia alivyofiwa na mumewe, Rajabu akiwa bado mdogo. Watu walikuja wengi, kulikuwa na kibatari kimoja na upepo ulikuwa unakizima kila mara. Alikaa pale chini na msiba wake, anapewa mikono, anaambiwa pole, na hajui ni nani.

"Nilisikia sauti tu," akasema. "Asubuhi wameshaondoka. Mpaka leo sijui nani alikuja kukaa na mimi. Siwezi kulala kwenye mwanga wakati mwenzangu amekaa hivyo."

Nimefunga sola nyumba nyingi, Korogwe na Handeni. Watu hutaka mwanga wa watoto kusomea, wa duka, wa kuchajia simu za kijiji kizima. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia kwamba mwanga ni wa kuwaona waliokuja kukupa pole. Nilimpenda pale pale, niseme ukweli. Na nikajua kwamba ule ujumbe wa Rajabu sitaurudia.

Ikabaki kazi ya ufundi. Kwa kweli inatosha kutoa nyaya za paneli kwanza, ndipo betri. Lakini kijana aliyefiwa na baba yake asubuhi utamwambiaje akumbuke waya upi unatangulia? Nilitaka kufunga swichi ya kukata umeme wa paneli, na kwenye mkoba sikuwa nayo. Nikatazama paneli yake. Iko kwenye kichanja nyuma ya jiko, chini kabisa, hata mtoto anaifikia. Nikamwambia kama tungeweza kuizuia isione jua wakati betri inatolewa, hata akikosea mtu, hakuna kitakachoungua.

Akaniuliza nataka kitu kizito kiasi gani. Nikamwambia khanga haitoshi, mwanga unapenya.

Kisha tukageuka wote wawili kuutazama mkeka, umekunjwa umeegemezwa ukutani, tayari kwa msiba ujao.

Uzuri wake ni huu: mkeka hausahauliki. Wanaufuata pamoja na betri siku zote. Sasa utapitia kwanza kichanjani. Unatandikwa juu ya paneli, umekunjwa mara mbili usipenyeze mwanga. Nyaya za paneli zinatolewa, kisha za betri. Halafu mkeka unakunjwa na safari ya msibani inaanza. Kurudi ni kinyume chake. Paneli inafunikwa, betri inafungwa kwanza, paneli inafuata, mkeka unaondolewa mwisho.

Nikafunga kontrola mpya, na fyuzi nikamwekea. Nilipotaka kumwonyesha namna ya kufungua akanifukuza, akasema macho yake yanaona na mikono ni yake. Akafungua na kufunga mwenyewe, mara nyingi, bisibisi ikimteleza na yeye akiitukana Kizigua. Nyaya za paneli alizifunga kitambaa chekundu alichokichana kwenye doti ya zamani. Alipokuwa anatandika mkeka mara ya mwisho alisimama, akausawazisha pembeni taratibu, akasema, "Kumbe na hii nayo hufunikwa kwanza, kama maiti."

Halafu akaniuliza kama Wasambaa tunajua kula ugali wa Kizigua au aniombee ndizi kwa jirani.

Jana mchana Rajabu akanipigia. Amefariki mama mmoja, jirani wa mama yake, na vijana wameshaifuata betri. Alisema hivyo tu, akakata. Sikumlaumu. Kontrola ya mwisho ilikuwa imekaa siku mbili.

Ndiyo maana nilikwenda na simu kanisani.

Bi Mwanaidi amepiga saa tisa alasiri. Kwanza tumesalimiana, na kwake salamu si jambo la kurukwa. Ameuliza habari za mama yangu, za pikipiki yangu, za mawingu ya Korogwe kana kwamba yeye hana yake. Ameniambia mbuzi wa jirani amezaa pacha. Mimi huku nimeshika ukuta.

Ndipo akasema kwamba betri imerudi mapema, kuna nyumba imeleta jenereta kwa siku zilizobaki. Ameifunga mwenyewe. Akaniuliza kama nimeshakula, makusudi kabisa, namjua.

"Imewaka," akasema. "Kile kitaa cha kijani cha kontrola. Mawingu yote haya na kimewaka."

Nimekaa chini palepale kwenye ngazi. Akaendelea kunisimulia jinsi vijana walivyofika na haraka zao na yeye akawakalisha kwenye benchi mpaka mkeka umetandikwa. Mmoja akamwambia, bibi, tunachelewa. Akamjibu kwamba marehemu hana haraka tena, wakae. Na binti wa marehemu, amesema, alikaa mahali pazuri, taa ikimwangaza kila anayeingia.

Nikamuuliza kuhusu Rajabu. Alikuja kuzika, akasema, na usiku alikaa chini ya taa ile ile na wanaume wenzake hadi kulipokucha. Asubuhi aliibeba betri yeye mwenyewe kuirudisha, na mkeka akautandika juu ya paneli kabla mama yake hajamwambia.

Swichi nitampelekea wiki hii. Sidhani kama ataitumia.

Sasa mama ameshalala na mimi nimebaki na jambo moja linanizunguka kichwani. Baba alipofariki, matanga yalikuwa hapahapa Kwamndolwa, kabla umeme haujafika upande wetu. Nakumbuka nyuso zote. Nakumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne amevaa shati la kijivu, nakumbuka wajomba walioshuka kutoka milimani na vumbi la safari miguuni, nakumbuka mama alivyokuwa akiinua macho kila mtu alipoingia. Kulikuwa na mwanga uani kwetu. Na kwetu hatukuwa na betri.

Kesho nitamuuliza mama: ile taa ilitoka nyumba gani?